Mteja Aingie Ndani Kabla Hajafika: Ushauri Wangu Kuhusu Ziara za Nyumba Mtandaoni

Katika udalali wa nyumba hakuna kinachonichosha kama kumpeleka mtu kwenye nyumba ambayo angeikataa mapema kama angejua ilivyo. Anafika, anasimama mlangoni, na jibu unalisoma usoni mwake kabla hajavuka kizingiti. Sebule ni ndogo kuliko alivyodhani. Chumba cha wageni njia yake ni ya jikoni. Ngazi zimesimama mno, na atakayeishi humo ni mama yake mzee. Mambo hayo hayakuonekana kwenye tangazo, ingawa kila picha iliyowekwa ilikuwa ya kweli. Mpiga picha alisimama pembeni kabisa, akatumia lenzi pana, akachagua upande unaopendeza.

Ndiyo maana siku hizi nawasihi wenye nyumba wakubali ziara ya digrii 360. Katika ziara ya namna hii mtazamaji hupewa picha za mduara mzima zilizounganishwa. Anageuka atakavyo, anatazama dari, anatazama nyuma ya mlango, anabofya alama sakafuni na kuhamia chumba kingine. Video haimpi uhuru huo, kwa sababu kwenye video anakwenda anakopelekwa na yule aliyeshika kamera, kwa kasi ya huyo huyo. Mtu anayetafuta nyumba ana maswali yake mwenyewe, na mara nyingi maswali hayo yako kwenye kona ambazo muuzaji hakufikiria kuzionyesha.

Wazo lenyewe si jipya. Apple walitoa QuickTime VR mwaka 1995, nayo iliwezesha mtu kugeuka ndani ya picha kwenye kompyuta. Kilichobadilika ni wepesi wa kuzipata picha hizo. Ricoh walipoleta Theta mwaka 2013, kamera yenye lenzi mbili zilizopeana mgongo, kazi iliyohitaji picha nyingi na kuziunga kwa mkono ikawa kubonyeza mara moja. Upande mwingine kuna mifumo kama Matterport, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011. Yenyewe hupima umbali wa kila ukuta na kujenga umbo zima la nyumba, hata ukaweza kuitazama kutoka juu kama imefunuliwa paa. Tangu iPhone 12 Pro ya mwaka 2020, hata baadhi ya simu zina kipima umbali cha lida, yaani kinachopima kwa miale ya leza.

Naulizwa mara kwa mara mtu achague ipi kati ya hizo mbili, picha za mduara au mfumo wa kupima umbo. Kwa nyumba nyingi, hasa zile za ghorofa moja zenye vyumba vya kawaida, picha za mduara zilizounganishwa vizuri zinatosha, na pesa inayobaki ni bora iende kwenye usafi na rangi. Umbo kamili la nyumba lina maana pale nyumba ilipo na ngazi nyingi na mpangilio mgumu kueleza, au mnunuzi yuko mbali na anataka kujua kama kabati lake litaenea. Hata hapo, vipimo vya mfumo vichukuliwe kama makadirio. Kinachoandikwa kwenye mkataba kipimwe na mtu mwenye ujuzi na vifaa vyake.

Upigaji wenyewe nitauzungumzia kwa urefu, maana hapa ndipo ziara nyingi zinapoharibika.

Kamera ya digrii 360 haina mgongo. Huwezi kurundika maboksi nyuma yako na kupiga upande uliosafishwa. Kwa hiyo nyumba yote iwe tayari kwa wakati mmoja: vitanda vimetandikwa, ndoo zimeondolewa, mfuniko wa choo umeshushwa, waya za chaji zimekunjwa. Mpigaji naye ajifiche chumba cha pili na kubonyeza kwa simu. Kwenye vioo ndipo anaponaswa, kwa hiyo kabla ya kila picha simama pale kamera ilipo na utazame vioo vyote, pamoja na mlango wa oveni na runinga iliyozimwa.

Kimo cha kamera kiwe karibu mita 1.5, na kisibadilike chumba hadi chumba. Kimo kikipanda na kushuka, mtazamaji huhisi kama amerefuka ghafla au amepiga magoti, na vyumba vinapoteza ukubwa wake. Isawazishe pia. Upeo ukiinama hata kidogo, kuta zote zitaonekana zinaanguka mtu anapogeuka.

Mahali pa kuisimamisha ni pale mgeni angesimama mwenyewe baada ya kuingia na kupiga hatua chache. Kona ifanye chumba kionekane kikubwa kwenye picha ya kawaida, sawa, lakini kwenye mduara inaleta kuta mbili zilizobanana usoni. Usiisogeze karibu mno na samani. Lenzi mbili zinakitazama kitu kilicho karibu kila moja kwa pembe yake, na programu inapounganisha picha, mguu wa meza hukatika au mlango ukapinda. Mahali pa kiungo huwa ubavuni mwa kamera, baina ya lenzi mbili. Basi elekeza lenzi kwenye vitu vya maana, na ubavu uelekee ukuta mtupu.

Mlangoni baina ya vyumba viwili weka kamera pia. Picha hiyo haivutii yenyewe, lakini ndiyo inayomfanya mtazamaji aelewe kuwa sebule inafungukia korido, na korido inakwenda kwenye vyumba vya kulala. Bila hiyo anaruka kutoka chumba hadi chumba kama anayefunua kurasa bila kuzisoma. Kama unatumia mfumo wa kupima umbo, pigia kila baada ya mita mbili au tatu, na mlango uliouacha wazi mwanzoni ubaki wazi hadi mwisho. Ukiufunga katikati ya kazi programu inaona ukuta mahali palipokuwa na njia. Kamera zinazopima kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, husumbuliwa na jua kali, hivyo veranda na baraza zipigwe asubuhi na mapema, jioni, au siku ya mawingu.

Mwanga ndani una tatizo lake. Dirisha likiwaka jua, ama nje itakuwa weupe mtupu au ndani itakuwa giza. Kamera nyingi za kazi hii zina mpangilio wa kupiga picha kadhaa zenye mwangaza tofauti na kuziunganisha. Utumie, na kamera ikae kwenye stendi bila kutikisika. Washa taa zote au uzime zote chumba kizima. Balbu ya manjano na nyingine ya bluu katika sebule moja hufanya ukuta mmoja uonekane una rangi mbili.

Baada ya hapo kuna kupanga njia, na wengi hulifanya haraka haraka usiku wakiwa wamechoka. Anza mlango wa mbele, mtazamo wa kwanza ukielekea ndani. Kisha fuata miguu ya mtu halisi. Ukimtoa mteja sebuleni na kumtua chumba cha juu bila kumpitisha kwenye ngazi, umemnyima kitu alichohitaji kukijua, yaani ngazi zenyewe. Pitia stoo, pitia choo cha nje kama kipo, toka hadi pa kuegesha gari, simama getini utazame barabara. Weka na ramani ya nyumba yenye alama ya mahali mtazamaji alipo, kwani watu wengi hupotea ndani ya ziara wakakata tamaa na kuifunga.

Sasa nifike kwenye suala ninalobishana nalo na wenye nyumba kila mara: kasoro. Doa la maji kwenye dari, ufa, kigae kilichovunjika, nguzo ya umeme mbele ya dirisha. Mwenye nyumba anaomba lifutwe kwa kompyuta. Mimi nakataa, na nitaendelea kukataa. Nimewahi kuwa na mnunuzi aliyeishi mbali, akaliona doa la dari kwenye ziara na kuuliza. Tulimweleza chanzo chake, tukamtumia maelezo ya fundi aliyeziba bomba, na kuanzia siku hiyo hakutilia shaka jambo jingine tulilomwambia. Angelikuta doa lile mwenyewe baada ya kusafiri, angeanza kujiuliza ni nini kingine kimefichwa. Kuziba kivuli cha stendi sakafuni ni sawa. Kuweka samani za kompyuta katika chumba kitupu ni sawa pia, ilimradi iandikwe wazi hapo hapo kwamba samani hizo hazipo. Kile ambacho mnunuzi atakirithi pamoja na nyumba kisiguswe.

Kuna vitu vya kuficha, navyo ni vya watu. Picha za watoto ukutani, vyeti vyenye majina, barua juu ya meza, dawa kando ya kitanda, funguo zilizotundikwa, kasha la kuhifadhia pesa, kidude cha kengele ya wezi. Mtazamaji wa ziara anaweza kukuza picha na kusoma, na hujui nani anatazama. Ondoa kabla ya kupiga. Kilichosahaulika kitiwe ukungu. Kama ndani kuna mpangaji, idhini yake iombwe na iandikwe, hata kama mwenye nyumba ameshakubali, maana vitu vinavyoonekana ni vya mpangaji. Angalia pia kama faili za picha zimebeba namba za ramani zinazoonyesha mahali zilipopigwa, ikiwa hamkukusudia anwani kamili ijulikane na kila mtu.

Ziara nzito haitazamwi. Kamera kama Theta Z1 hutoa picha ya pikseli 6720 kwa 3360, na ukiweka picha kumi na tano za namna hiyo zote zifunguke kwa pamoja, mwenye bando dogo atakuwa ameshaondoka. Programu nzuri hukata kila picha vipande na kupakua vile tu mtu anavyovitazama. Zipo za bure zinazofanya hivyo, kama Pannellum na Marzipano, kwa anayeweza kuziweka kwenye tovuti yake. Jaribu ziara yako kwenye simu ya kawaida yenye mtandao hafifu, ukiwa mbali na Wi-Fi ya ofisini. Wateja wengi watakuwa katika hali hiyo.

Usimtumie mteja picha yenyewe ya mduara kwa WhatsApp. Ikipita humo hubanwa na kupoteza maelezo yanayoitambulisha kuwa ni ya mduara, ikafika kama utepe uliovutwa na kupindapinda. Tuma kiungo. Facebook huzitambua picha hizi tangu mwaka 2016, hivyo picha moja ya sebule ukiiweka pale huwa kivutio kizuri cha kuwaleta watu kwenye ziara kamili.

Kama unalipia huduma ya kuhifadhi ziara, jua kwamba malipo yakikoma ziara inaweza kutoweka. Hifadhi faili za asili kwenye diski yako.

Ziara ikishapokelewa, mpigie mteja mkiwa mnaitazama wote wawili. Muulize aelekee wapi kwanza. Anayekwenda moja kwa moja jikoni na anayekwenda kutazama bafu wanakuambia mengi kuhusu watakachojali. Baadhi ya huduma huonyesha watazamaji wamekaa wapi zaidi. Katika nyumba moja tuliona watu wakirudi rudi korido ya nyuma, tukaja kuelewa kwamba walikuwa wanatafuta kama kuna mlango wa pili wa kutokea. Ulikuwepo, umefichwa na pazia. Tuliufungua, tukapiga tena, na swali hilo likaisha.

Waeleze wateja pia kisichoonekana. Harufu ya unyevu, kelele za barabara usiku, nguvu ya maji bombani, joto la chumba cha magharibi saa kumi alasiri. Hayo yanataka mtu afike. Ziara ikiwa imefanya kazi yake, siku hiyo hamtapoteza muda mkihesabu vyumba. Mtafungua bomba, mtasikiliza, mtazungumza na jirani.

Kwa wanaonunua au kupanga kutoka mbali nina ombi. Ziara nzuri inaweza kunakiliwa na tapeli na kuwekwa kwenye tangazo lake kwa bei ya kukutamanisha. Usitoe malipo yoyote kwa sababu tu umetembea ndani ya nyumba kwenye skrini. Omba video ya papo kwa papo, mwambie anayekuonyesha afungue mlango unaoutaja wewe, azime na kuwasha taa fulani, atoke nje hadi getini bila kukata simu. Kisha hati za umiliki zikaguliwe mahali zinaposajiliwa, na ikiwezekana mtu unayemwamini afike.

Na sisi madalali, nyumba ikishauzwa, tuiondoe ziara mtandaoni siku hiyo hiyo. Walioingia sasa wanalala humo, na mgeni asiyejulikana hana sababu ya kujua mlango wa nyuma uko wapi. Mimi nimeliweka hilo kwenye orodha moja na kukabidhi funguo, na makubaliano na mwenye nyumba yanalitaja kwa maandishi tangu siku ya kupiga picha.