Barua kwa mwanangu: nani atengeneze mkono wa mtoto

Bukavu, Nguba

Mwanangu, mama yangu,

Sauti uliyonituma nimeisikiliza mara ya pili ndipo nikashika kalamu. Unauliza mambo mawili. Vidole vya mjukuu wangu, vile vitatu vilivyovutwa na kovu mpaka vikalala kiganjani tangu alipomwagikiwa na maji ya maharage yaliyokuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, bado vitanyooka? Na huko Goma utampataje daktari wa plastiki wa kweli, yaani mpasuaji anayetengeneza upya ngozi na viungo vilivyoharibika, maana mtu wa kanisa lenu amekupa namba ya dokta anayekuja kwa siku mbili tu, anayetibu kwenye nyumba ya wageni na kudai dola zake kabla ya kumwona mtoto? Nimeona nikuandikie ili usome pamoja na papa ya watoto, mkiwa mmekaa.

Vitanyooka. Anayekwambia kwamba kovu likishakauka basi mambo yamekwisha, usimsikilize. Lakini pia usikae ukingoja. Ngozi ya kovu hainyumbuki wala haikui, na mtoto wa miaka 4 mifupa yake inarefuka kila leo. Mfupa unataka kwenda, kovu linaurudisha, na kiungo kinaanza kupinda chenyewe kwa ndani. Sehemu nyingine za mwili wapasuaji hupenda kusubiri kovu lilainike, na hiyo inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Vidole vya mtoto, shingo iliyovutwa kifuani na kope isiyofunga jicho havisubiri hivyo. Ukiambiwa umrudishe akiwa mkubwa, toka hapo umtafute daktari mwingine akupe maoni yake.

Nikueleze wanachofanya, ili wakiongea mbele yako uelewe. Kovu hukatwa mpaka kidole kifunguke. Kikifunguka, panabaki pengo lisilo na ngozi, na kuliziba ndiyo kazi yenyewe. Kwa kiganja cha mtoto wengi huchukua ngozi yenye unene wake wote, mara nyingi kutoka kinenani au upande wa ndani wa mkono, kwa sababu ile nyembamba inayochunwa pajani hujikunja zaidi inapopona. Kama kovu ni uzi mwembamba tu uliokaza, wanaweza kulikata kwa mfano wa herufi Z na kuzigeuza pembe zake, urefu ukapatikana bila kuchuna mahali pengine. Mara nyingi huingiza visindano vya chuma ndani ya vidole vibaki vimenyooka wiki chache, kisha huvitoa. Daktari wa kazi hii atakwambia amechagua njia ipi kwa mkono huu, na kwa nini. Asiyeweza kukwambia, au anayesema tu “tutaona ndani”, sitaki amshike mjukuu wangu.

Sasa kuhusu kumpata. Watu wengi kwetu wakisikia plastiki wanafikiria wanawake matajiri wanaobadilisha maumbo, na hivyo wanaona aibu kuulizia kwa ajili ya mtoto aliyeungua. Lakini kazi hii imekuzwa na vita. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa akiwatengenezea nyuso askari waliopasuliwa na mizinga, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Sisi wa Kivu tunaifahamu kazi hiyo kwa uchungu. Hapa kwetu, kwenye hospitali ya Panzi, tangu 1999, daktari Mukwege na wenzake wanawarudishia wanawake miili iliyoharibiwa, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huko kwenu, kwenye hospitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu walianza mwaka 2012 kuwatibu watu waliochanwa na risasi na mabomu.

Lakini kutengeneza si kazi moja, mama. Aliyebobea kwa fistula, yale matundu yanayomfanya mwanamke avujwe na mkojo au choo, si lazima ajue vidole. Kwa hiyo jina la hospitali likikuvuta, liache likufikishe mlangoni, halafu uanze kuuliza.

Anzia hapo hapo Goma, kwenye hospitali za HEAL Africa na Ndosho. Mtu wa mapokezi usimuulize kama wana daktari wa plastiki, maana atajibu ndiyo au hapana na utarudi nyumbani hujui kitu. Uliza hivi: “Hapa ni nani anayefungua mikono ya watoto walioungua?” Huenda wakakuelekeza kwa mtaalamu wa mifupa, au kwa mpasuaji wa kawaida aliyejifunza kupandikiza ngozi kwa miaka. Hilo halinitishi. Ukimfikia, muulize mwaka huu amefungua mikono mingapi ya watoto, na akuonyeshe picha za mikono hiyo, zisizo na nyuso. Picha ya wiki mbili baada ya operesheni haina maana kubwa, kila kitu kinapendeza wakati huo. Omba ya baada ya mwaka.

Kuna jambo moja la nchi yetu unalopaswa kulijua. Kwetu daktari aliyemaliza chuo, hata bila kubobea, hupasua. Anafanya sezariani, anatengeneza hernia, na wengi wao nimewaona wakiokoa watu usiku bila umeme. Nawaheshimu sana. Ila pembeni mwa kila kidole cha mtoto inapita mishipa ya damu na ya fahamu, myembamba kama uzi wa kushonea, na ikikatwa kidole kinaweza kufa. Kwa hiyo muulize kwa adabu: “Dokta, baada ya chuo ulibobea wapi, na kwa muda gani?” Ubobezi wa upasuaji huchukua karibu miaka 4 au 5. Muulize pia namba yake ya Ordre des Médecins, chombo kinachoandikisha madaktari. Kila daktari anayetibu Kongo anatakiwa awe ameandikwa humo, na Ordre ina baraza lake la mkoa linaloweza kukuambia kama jina hilo wanalijua. Anayekasirika kwa swali hilo, mshukuru uondoke.

Yule wa nyumba ya wageni, hapana. Namba yake ifute. Mtoto wa miaka 4 hafunguliwi vidole akiwa macho, lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na anayelazwa anahitaji oksijeni, kifaa cha kupima pumzi na damu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia anavyopumua, asiyeshika kisu. Nyumba ya wageni ina nini katika hayo? Halafu fikiria siku ya tano hivi, bandeji ya kwanza inapofunguliwa kuona kama ngozi imeshika. Siku hiyo yeye atakuwa ameshapanda ndege, na simu yake itaita bure. Simaanishi kwamba kila daktari anayetoka nje ni mwongo. Zipo misioni nzuri, hutangazwa makanisani na redioni, lakini zinafanyia kazi ndani ya hospitali, na wauguzi na madaktari wa hapo wanabaki na wagonjwa. Uliza tu nani anabaki.

Yule jirani yako mwenye mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, mwambie mlango wake ni mwingine. Shirika la Smile Train hulipia operesheni hizo kupitia hospitali za nchi husika, mzazi hatakiwi kuuza shamba. Mdomo hutengenezwa kuanzia miezi 3 hivi, mtoto akiwa na uzito wa kutosha na damu ya kutosha, kwa hiyo kazi ya mama sasa hivi ni kumlisha. Aulize hospitali ipi ya Goma inayoshirikiana nao.

Nirudi kwa wetu, maana jambo ninalotaka ulishike kuliko yote bado sijalisema. Operesheni ni nusu. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, tulimpokea binti aliyefunguliwa mkono vizuri sana na mpasuaji mgeni. Ngozi ilishika yote. Akapelekwa kijijini na bandeji yake, bila atele, kile kibao cha kushikilia vidole vinyooke, bila mtu wa kine, yaani wa mazoezi ya viungo, bila tarehe ya kurudi. Alipoletwa tena, mkono ulikuwa umejifunga karibu kama mwanzo, na safari ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu ngozi nzuri ya kuchukua imeshapungua. Mama yake alilia mbele yangu, akidhani ni yeye aliyekosea. Hakukosea. Hakuna aliyemwambia kwamba ngozi iliyopandikizwa huendelea kujikunja kwa miezi.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa daktari lingekuwa hili: “Baada ya wewe kumaliza, nani anaupokea mkono?” Lazima kuwe na mtu wa kine anayekunja na kukunjua vidole, na anayetengeneza atele ya kipimo cha mkono huo. Mtoto atalala nayo usiku kwa miezi kadhaa, na ipimwe upya kila akikua. Atailia, na utamvalisha hivyo hivyo. Mchana utalikanda kovu kwa vazelini na kulikinga na jua. Ikiwa unashindwa kurudi hospitalini kila wiki, basi hospitali hiyo iko mbali mno hata kama daktari wake ni malaika.

Kwa sababu hiyo napendelea Goma, ingawa najua utaambiwa habari za Kigali na Uganda. Ni kweli, Kanombe kwenye hospitali ya kijeshi ya Rwanda wana wapasuaji wa plastiki, na hospitali ya CoRSU kule Kisubi, Uganda, njia ya Entebbe, wanajulikana kwa watoto wenye ulemavu na makovu ya moto. Daktari wa Goma akiona mkono umemzidi akakuandikia barua ya kwenda huko, nenda. Ila kabla ya kupanda gari, zungumza na mtu wa kine wa Goma akubali kumpokea mtoto mkirudi, na kule omba wakuandikie mpango mzima kwa karatasi.

Kuhusu fedha, omba hesabu yote iliyoandikwa kabla: operesheni, dawa ya usingizi, kitanda, bandeji, kine, atele. Unajua wagonjwa wanavyozuiliwa hospitalini kwa deni. Pita kwa mtu wa huduma za jamii mapema, si siku ya kutoka. Mimi na papa yako tutatoa sehemu, tumeshaongea.

Mtoto mwenyewe apimwe damu na malaria. Mpe mayai, maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila unapopata, kwa kuwa ngozi haishiki kwenye mwili wenye njaa. Akiwa na mafua au homa, operesheni iahirishwe. Siku yenyewe watakwambia asile kwa muda wa saa 6 kabla ya operesheni. Usimwonee huruma ukampa hata biskuti.

Na mbabula, mama, iondoe chini. Iweke juu ya meza ya matofali, mpini wa sufuria ugeuzwe ukutani. Yule mdogo ameanza kutambaa. Akiungua, Mungu apishie mbali, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si majivu, si yai.

Nitumie picha za mkono: kiganja, mgongo, na ubavu anapojaribu kukifungua. Ukipata siku ya kumwona daktari, nijulishe mapema nikate tiketi ya boti. Nitakaa na mdogo nyumbani ili wewe uwe huru kulala hospitalini.

Mama yako