Jibu: Je, vipengele vya lazima viwe kiini cha hadithi?

Ndugu, umeuliza kama mhusika, kifaa na sentensi wanavyopewa washiriki wa mashindano ya kutengeneza filamu fupi kwa saa 48 ni lazima viwe kiini cha hadithi, au inatosha vionekane tu. Kwa kanuni, inatosha vionekane na kusikika. Katika 48 Hour Film Project, iliyoanzia Washington mwaka 2001, kila kikundi hupewa vitu hivyo vitatu pamoja na aina ya filamu, kisha huwasilisha kazi ya dakika 4 hadi 7. Masharti hayo humzuia mtu kuleta filamu aliyoipiga zamani.

Hata hivyo, majaji hutambua upesi kitu kilichopachikwa. Tuseme kifaa ni mwavuli: ukiuegemeza ukutani nyuma ya mwigizaji, umetimiza sharti, basi, lakini mhusika akiufungua sebuleni ili mgeni asiyaone machozi yake, hadithi haisimami tena bila mwavuli huo. Sentensi ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa haibadilishwi hata neno, na kwa maoni yangu ni heri kuiandikia tukio lake kwanza, ikiwezekana itamkwe na mtu anayedanganya, ndipo mengine yajengwe kuizunguka. Jina la mhusika halina taabu. Ila vipigieni picha vipengele hivyo katika matukio zaidi ya moja, kwa sababu tukio likikatwa wakati wa uhariri, sharti huondoka pamoja nalo, na filamu ikakosa sifa ya kushindanishwa.