Filamu ya Chupa ya Coca-Cola: Ushauri kwa Anayesita Kuitazama

Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Iringa ameniandikia kuniuliza jambo ambalo nimekwisha kulizoea. Anataka kuwaonyesha wanafunzi wa klabu yake ya historia filamu ya The Gods Must Be Crazy, lakini mwenzake wa ofisini amemwambia kwamba hiyo ni filamu ya makaburu na kwamba kuionyesha shuleni ni kuwatukana waliokufa wakipigania uhuru. "Kaka, wewe umeionyesha hadharani," aliandika, "niambie kama inafaa au nitafute nyingine."

Ni kweli nimeionyesha. Wanaofuatilia maandishi yangu wanajua kwamba huwa nakodi ukumbi hapa Morogoro, naweka projekta na viti vya plastiki, kisha tunatazama filamu na kuzijadili. Onyesho la filamu hii lilijaza ukumbi hadi watu wakasimama mlangoni, na mjadala ulidumu kuliko filamu yenyewe. Nasema hivi bila kujisifu sana, ingawa baada ya yaliyonipata mwanzoni nadhani nina haki ya kujisifu kidogo.

Wengi wa rika langu hatuhitaji kusimuliwa hadithi yake. Tuliitazama kwenye vibanda vya video, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, picha ikitetemeka kwa sababu mkanda ulikuwa umechakaa. Rubani wa ndege ndogo anatupa chupa tupu ya Coca-Cola, inaangukia jangwa la Kalahari, familia ya Wasan inaiokota na kuidhani ni zawadi ya miungu. Kila mtu anaitaka, ugomvi unaanza, na mtu anayeitwa Xi anaamua kuipeleka hadi mwisho wa dunia akaitupe huko. Pembeni yuko mtafiti mwoga wa wanawake mwenye Land Rover isiyo na breki, yuko mwalimu mzungu aliyehama mjini, na liko kundi la wapiganaji wa msituni wanaoongozwa na mtu aitwaye Sam Boga, ambao wanawateka watoto wa shule. Mtaani kwetu hatukujua jina lake la Kiingereza. Tuliiita filamu ya chupa, na kijana aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti aliongeza maneno yake mwenyewe, mengine ya matusi, nasi tulicheka mpaka machozi.

Niliporudi kuionyesha nikiwa mtu mzima, taasisi moja iliyokuwa imeniahidi ukumbi wake iliniandikia jioni ya kuamkia siku ya onyesho kwamba imesitisha, kwa kuwa imearifiwa kuwa filamu ni ya kibaguzi. Matangazo yalikuwa yamekwisha kubandikwa. Nilipokwenda kuuliza ni nani aliyeitazama akaona ubaguzi huo, ofisi nzima haikuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona. Mmoja wao alisoma mahali fulani, wa pili aliambiwa na wa kwanza, na bosi alitia saini. Sijasahau, na kila nikipita pale moyo unanichoma. Kilichoniudhi zaidi ni rafiki zangu waliokuja kunifariji kwa maneno ya "achana nao, ni vichekesho tu". Hao nao hawakuwa wamefikiri. Hoja yao ilikuwa kwamba kilichowachekesha utotoni hakiwezi kuwa na ubaya ndani yake, na hiyo si hoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio karibu ushauri wangu wote, ni huu: kabla ya kuamua kama filamu ya vichekesho inayozozaniwa inastahili muda wako, jua kwanza ilitengenezwa wapi, na nani, na katika hali gani. Kisha itazame ukiwa na ujuzi huo kichwani, uone ni kicheko kipi kimebaki na kipi kimekukwama kooni.

Filamu ya chupa ilitoka mwaka 1980. Mtengenezaji wake, Jamie Uys, alikuwa Mwafrika Kusini mweupe, na fedha zake zilitoka huko huko, wakati ambapo serikali ya makaburu ilikuwa bado imekaa imara na Namibia ilikuwa bado chini ya utawala wake. Ilipouzwa nje ilitambulishwa kama filamu ya Botswana, jambo lililoisaidia kupita katika nchi ambazo zisingependa kuonekana zikinunua bidhaa ya Pretoria. Ilipofika Marekani mwaka 1984 ilipendwa sana, lakini mjini New York makundi ya kupinga ubaguzi wa rangi yalisimama na mabango nje ya ukumbi ilikoonyeshwa. Hawakuwa wakipinga chupa. Walikuwa wakipinga picha ya kusini mwa Afrika ambamo hakuna pasi za kutembelea wala risasi za polisi, na ambamo Mwafrika mwenye bunduki ni mjinga tu anayejikwaa.

Halafu kuna sauti ya msimulizi. Filamu inaanza kama makala ya elimu kuhusu wanyama na mazingira: sauti tulivu ya mwanamume inatueleza kwamba watu hawa hawana uhalifu, hawana adhabu, hawana sheria, hawana mali wala fedha, na hawajui kwamba dunia ina watu wengine. Sauti hiyo inaaminika sana, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ukweli wa Waju/'hoansi, kundi la Wasan wa eneo la Tsumkwe huko Namibia, alikotoka N!xau aliyeigiza kama Xi, ulikuwa mwingine kabisa. Walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi yao na kusongwa katika kipande kilichopewa jina la Bushmanland, wengi wakiishi kwa mgao wa unga wa mahindi, kifua kikuu na pombe vikiwamaliza, huku jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha wanaume wao wapigane na SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Chupa tupu zilikuwa zimezagaa. N!xau mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi ya upishi katika shule ya hapo hapo, naye kwenye filamu anaigiza mtu asiyejua chuma ni nini. Aliigiza vizuri mno kiasi kwamba dunia nzima iliamini haigizi.

Malipo yake katika filamu ile ya kwanza yalikuwa madogo ya kusikitisha ukiyalinganisha na mamilioni ya dola yaliyoingia. Baadaye alijifunza kudai, akalipwa vizuri zaidi, akajenga nyumba ya matofali, akafuga ng'ombe na kulima mahindi, maharage na maboga hadi alipofariki mwaka 2003. Mimi humheshimu kwa hilo la kudai kuliko kwa uigizaji wake.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi Watanzania moja kwa moja, ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Wakati Uys akirekodi vituko vya Sam Boga na wapiganaji wake, wapiganaji wa kweli walikuwa hapa kwetu. SWAPO, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na wengine walikuwa wamepata mafunzo Kongwa, mkoani Dodoma. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Hapa Morogoro, mwaka 1978, ANC ilianzisha shule ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na makaburi ya waliofia ugenini bado yapo. Sisi tuliokuwa kwenye mabenchi ya kibanda tulikuwa tukiwacheka wageni wa baba zetu bila kujua.

Nilipopata ukumbi mwingine niliwaalika kwa makusudi wazee kadhaa waliofanya kazi Mazimbu enzi zile. Mmoja, aliyekuwa jikoni, alikaa mstari wa mbele akiwa na kofia yake ya kufuma magotini. Alicheka sana Land Rover ilipojivuta kwa winchi yake yenyewe hadi ikaning'inia juu ya mti. Alicheka yule mtafiti alipojaribu kulifikia geti kabla gari halijarudi nyuma. Lakini walipotokea wale wapiganaji wawili ambao kazi yao ni kucheza karata wakati wenzao wanakufa, akaacha kucheka, akaivaa kofia. Tulipowasha taa alisema, "Hawa wanaoangushwaangushwa hapa ndio tuliokuwa tukiwapikia." Hakuongeza neno, na vijana wa chuo waliokuwa nyuma yake walinyamaza kwa muda mrefu kabla ya mmoja kuuliza walikuwa wakila nini. Ugali na maharage, mzee alijibu, na wengine walikuwa wakilalamika.

Onyesho lile lingezuiwa, vijana wale wasingeuliza. Ndiyo maana sikubaliani na mwenzake mwalimu wa Iringa, ingawa ukweli anaousema kuhusu makaburu ni ukweli. Filamu hii ni ya makaburu, na ndani yake kuna vichekesho safi kabisa ambavyo havimdhuru mtu: gari lenye laana ambalo fundi Mpudi analiita Mpinga Kristo, mwanamume anayeangusha kila kitu akimwona mwanamke, kifaru anayekanyaga moto wa watu usiku. Hivyo vimesimama. Kilichoanguka ni msimulizi na kundi la Sam Boga. Kati ya hayo mawili yuko Xi mwenyewe, na hapo mimi bado naona mashaka. Anaposhtakiwa kwa kumpiga mshale mbuzi wa mtu, akafungwa kwa kosa asilolielewa, filamu kwa dakika chache inakuwa upande wake: sheria ndiyo inayoonekana kichaa, si yeye. Lakini muda si mrefu sauti ya msimulizi inarudi kutueleza anafikiri nini, kana kwamba yeye hana kinywa.

Nawasihi wasomaji wangu mlio na maonyesho, klabu na vikundi vya vijana: acheni uvivu. Anayekataza filamu ambayo hajaiona ni mvivu, na anayeitetea kwa kuwa ilimchekesha akiwa darasa la tatu ni mvivu vilevile. Filamu ya dakika 109 haihitaji wiki nzima ya maandalizi. Inahitaji jioni moja ya kusoma. Uliza ilitengenezwa na nani. Uliza anayechekwa alikuwa na nafasi ya kujibu. Uliza wanaochekwa wako wapi leo, na kama mmoja wao anaishi mtaani kwako, mwalike. Ukishindwa kuuliza hayo, basi usijiite mwandaaji wa maonyesho, jiite mwenye projekta. Najua nimekuwa mkali, lakini waliobatilisha ukumbi wangu walikuwa wapole sana, na upole wao haukunisaidia kitu.

Kwa watoto wadogo, wa chini ya miaka kama 12, mimi singeionyesha yote. Si kwa sababu ya lugha chafu, maana haimo, bali kwa sababu mtoto wa umri huo humwamini msimulizi. Wa sekondari wanaweza, mradi mwalimu asimamishe filamu mara mbili: mara ya kwanza utangulizi wa Kalahari unapomalizika, na mara ya pili Sam Boga anapotokea. Na kabla yake, kama intaneti yako inaruhusu, tafuta filamu ya hali halisi ya John Marshall, N!ai, the Story of a !Kung Woman, ya mwaka 1980. Haizidi saa moja. Marshall aliwafahamu watu wale tangu miaka ya 1950, na alikuwapo Tsumkwe na kamera yake wakati filamu ya chupa ikirekodiwa. Utaona tukio la nyumbani kwa Xi likirudiwa na kurudiwa huku waigizaji wakielekezwa nini cha kufanya, na utaona pia yaliyo nje ya fremu: foleni ya unga, wanajeshi, watu wagonjwa, na mwanamke anayeitwa N!ai akiimba juu ya hasira zake. Baada ya hapo hutahitaji mhadhara wa mtu yeyote, hata wangu.

Wengine huniuliza kuhusu mwendelezo wake. Wa pili, wa mwaka 1989, uliongozwa na Uys yuleyule na unaweza kuuruka bila hasara. Baada yake N!xau alichukuliwa na watengenezaji wa Hong Kong, na katika mmoja wa mikanda hiyo, wa mwaka 1991, maiti ya Kichina inayorukaruka inadondoka Afrika kutoka angani, na N!xau anapandwa na roho ya Bruce Lee. Ni upuuzi mtupu, tafsiri zake ni mbovu, na nusu yake sikuielewa. Hata hivyo ningemwachia mtoto wangu autazame huo kabla ya ule wa kwanza, kwa kuwa humo hakuna msimulizi wa sauti tulivu anayemwambia kwamba ndivyo watu wa Kalahari walivyo.