Wadogo zangu wa wodini, wekeni chini huo wino mweupe

Alhamisi iliyopita, asubuhi ya kukabidhiana naiti, yaani zamu ya usiku, nilimkuta mdogo wangu mmoja wa ajira mpya ameinamia karatasi ya dawa, kichupa cha wino mweupe mkononi. Dozi ya saa sita usiku aliitoa saa nane na nusu, maana alikuwa peke yake na wagonjwa 31, na sasa alikuwa anaifuta ile nane aandike sita. Nilikichukua kile kichupa. Nikamwambia akate mstari mmoja tu juu ya kosa, aandike saa ya kweli, aweke sababu na sahihi. Akaniuliza, "Sista, si nitaitwa?" Ndiyo mwanangu, utaitwa. Utasema mlikuwa muuguzi mmoja kwa wagonjwa 31, na hilo ndilo linalotakiwa kusomwa na wanaopanga shifti. Ukiandika saa sita, umewaambia kwamba mtu mmoja anatosha.

Tanga inajulikana kwa waja leo waondoka leo. Nanyi mnakuja hivyo hivyo, wiki sita wodi ya watoto, wiki sita leba, mnahama kabla sijajua nani anakunywa chai bila sukari. Nawapenda, na mnanichosha. Nimeona ninayoyaona kila mwaka, kwa hiyo nayaandika.

1. Mwacheni mgonjwa ajitaje mwenyewe. Mkimuuliza "Wewe ndiye Mwanaidi?" atajibu ndiyo hata kama ni Mwanahamisi, kwa homa, kwa usingizi, au kwa adabu tu ya kutotaka kumsumbua nesi. Na msiite "Mama Asha" katika wodi ya wazazi ya Tanga, maana watainuka wanne. Jina lote, umri, anakotoka, kisha faili. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ililia. Wakati huo huo Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizokuwa zinajaribu ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki kabla ya upasuaji, yenye vipengele 19. Majibu yalipotoka mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo nane vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa kusoma karatasi kwa sauti! Sasa nikimwona mtu anaijaza yote baada ya upasuaji, amekaa na chai yake, anatia vema vema vema, nakasirika kwa haki.

2. Potasiamu haiingii mshipani bila kuchanganywa, hata daktari awe anakupigia kelele. Usianze magnesiamu kabla ya kuiona kwa macho yako kalsiamu glukoneti, dawa ya kuikabili ikizidi. Oksitosini, dawa ya leba, inakaa kwenye friji, haikai mfukoni mwa gauni.

3. Njia ya dawa, na mahali pa kuchomea. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2004 nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, katika hospitali moja ya mkoa huu wetu. Ilikuwa masika, malaria imepamba moto, watoto watatu kitanda kimoja na wengine kwenye mikeka. Alfajiri, nikiwa namalizia naiti, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, kilo 12, anadegedeka. Mama yake alikuwa mkata mkonge, amembeba mgongoni kutoka shambani, viganja vyake bado vina mikwaruzo. Degedege likatulia, lakini mshipa haukupatikana. Daktari akaandika kwinini ya msuli, 120 mg.

Ninyi wengi hamkuichoma kwinini, mmezaliwa kazini na atesuneti, dawa ya malaria iliyochukua nafasi yake. Ampuli ilikuwa na 600 mg ndani ya 2 ml. Tulifundishwa kuizimua hadi mililita moja ibebe 60 mg, dozi ya mtoto huyo ikawa 2 ml, uigawe nusu paja la kulia, nusu paja la kushoto, mbele. Matakoni hapana kabisa kwa mtoto, kwa sababu ya mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale. Niliyajua haya. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Mama alimlaza mwanawe kifudifudi mapajani, akamvua, akamshika. Kwake yeye sindano ni tako, ndivyo alivyochomwa yeye tangu utoto. Nikaona nimegeuziwa tako, nimechoka, bado nina watoto wanane wa kuwapa dawa, na dozi bila kuzimua ilikuwa 0.4 ml tu, tone dogo. Nikachoma pale pale. Mtoto alilia. Watoto wote hulia, lakini kilio kile kilianzia chini, kama cha mtu aliyeungua, na mguu ukaruka kisha ukalegea. Nilijua papo hapo. Nikamwambia mama, "Pole, imekwisha." Kwenye karatasi nikaandika dawa, kiasi na saa, na mahali nilipochoma sikupaandika.

Siku ya tatu homa ilikwisha. Mtoto akasimama, na unyayo wa kulia ukawa unaburuzwa, vidole vinakwaruza sakafu. In-chaji, mkuu wa wodi, akaniuliza, "Ulichoma wapi?" Nikasema paja. Nikaenda kwenye faili nikaongeza maneno mawili, "mapaja, mbele", kwa kalamu ya bluu juu ya mstari wa kalamu nyeusi. Maneno mawili tu.

Angalieni kilichofuata. Kwa kuwa sindano ilikuwa "mapajani", daktari alilazimika kutafuta sababu nyingine ya mguu kulegea ghafla, na kwa mtoto sababu ya kwanza kuchunguzwa ni polio. Zikachukuliwa sampuli mbili za kinyesi, zikapishana siku moja, zikawekwa kwenye barafu, zikasafirishwa kwenda maabara. Watu wa wilayani wakafika hadi kijijini kuuliza nani mwingine amepooza. Majibu yakarudi hakuna polio. Mazoezi ya mguu na kifaa cha kushikilia kifundo, ambavyo vingemsaidia zaidi vikianzwa mapema, havikuandikwa, kwa sababu faili halikusema mshipa wa fahamu. Mama akaambiwa asubiri. Akasubiri, akachoka, akaenda kwa mganga.

Mwaka 2007 nikakutana naye soko la Mgandini. Yeye ndiye aliyeniona. "Sista! Sista wa wodi ya watoto!" Akaniamkia kwa furaha, akamwita mwanawe aje amsalimie shangazi aliyemponya malaria. Mtoto alikuwa na miaka mitano na nusu, ndala ya kulia imelika mbele yote, ya kushoto nzima. Mama akanipa machungwa sita ya Muheza, akakataa katakata malipo. Nikayachukua. Nilikwenda nayo nyumbani nikayaweka mezani, yakaoza pale pale, sikuweza kuyala wala kuyatupa.

Ilinichukua miezi minane kwenda kwake. Nilikaa kwenye mkeka nikamweleza yote: tako, dozi isiyozimuliwa, kalamu ya bluu. Hakupiga kelele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja.

"Kwa hiyo hakulogwa?"

Nikasema hakulogwa. Ndipo akalia. Mganga alikuwa amemtajia wifi yake. Kwa sababu ya mguu ule aliuza mbuzi wawili, na yeye na wifi yake walikuwa hawazikani, miaka mitatu na ushee, nyumba mbili zinazotazamana. Sikuwa nimemdhuru mtoto peke yake. Nilikuwa nimevunja ukoo kwa maneno mawili ya kalamu.

Akaniambia, "Niandikie." Nikaandika ukurasa mzima, nikatia sahihi, nakala kwake, nakala kwa in-chaji. Niliitwa, nikahojiwa, nikapewa onyo la maandishi, nikahamishwa wodi. Nilistahili. Mtoto alianza mazoezi na akapata kifaa cha mguu, akiwa amechelewa sana. Leo ni fundi baiskeli Ngamiani, anatembea kwa kuunyanyua goti juu kidogo. Wifi alirudi siku ile ile jioni na sufuria ya wali, hilo nalo nililisikia baadaye.

Kwa hiyo mkinisikia nang'ang'ania "umechoma wapi, andika wapi", si ubishi wa uzee. (Na atesuneti nayo ina jasho la watu wa hapa: katika utafiti wa Afrika uliotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425, Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa kituo kimojawapo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, wa atesuneti 8.5. Mkiifungua ile chupa, ikumbukeni Muheza.)

4. Fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Mgonjwa akibabuka ngozi baada ya kunywa kotrimoksazoli, akivimba midomo, akipata lolote mlilolitilia shaka baada ya dawa au chanjo, jazeni fomu iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kushuku kunatosha. Mnaniambia, "Lakini Sista, sina uhakika kama ni dawa." Hakuna aliyewaomba uhakika! Uhakika unatoka zikikusanywa fomu nyingi. Kujaza si kukiri kosa, maana dawa sahihi iliyotolewa sahihi nayo inaweza kudhuru. Na tunzeni boksi, kichupa na namba ya bechi. Mwaka 2022 kule Gambia watoto kadhaa wadogo walikufa kwa figo kushindwa kazi baada ya kunywa dawa za maji zilizokutwa na sumu ya daietilini glaikoli. Bila chupa mkononi hakuna cha kupima maabara, na mzazi hana cha kumwonyesha hakimu. Sisi tunazitupa kwenye ndoo kabla mgonjwa hajapoa.

Mzio wa mgonjwa uandikeni kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu, juu kabisa.

5. Sheria. Najua mkisikia neno hili mnakunja mikono, mnamwona kila ndugu wa mgonjwa ni adui. Tulieni, nieleze ninavyoielewa baada ya kukaa na mawakili mara kadhaa.

Mgonjwa aliyedhurika ana milango zaidi ya mmoja. Malalamiko juu ya muuguzi yanakwenda Baraza la Uuguzi na Ukunga, juu ya daktari yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza hayo yanaweza kumwonya mtu, kumsimamisha, kumfuta kwenye daftari. Hayalipi fidia. Fidia ni mahakamani, na kesi ya uzembe ina miaka 3 tangu madhara yatokee. Hospitali ikiwa ya serikali, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Mtoto muda wake unasubiri hadi atoke utotoni, na pale ukweli ulipofichwa kwa hila, muda unahesabiwa tangu mwenye haki alipougundua. Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, ninyi wa wino mweupe. Mnadhani mnafunga mlango, kumbe mnauacha wazi miaka na miaka.

Mtu asiye na uwezo wa wakili aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017, na wasaidizi hawa wapo ili watu wa kawaida wawatumie. Mkinishangaa kwamba namwonyesha mgonjwa njia ya kutushtaki, mimi nawashangaa ninyi. Yule mama wa mkonge angejua siku ya tatu, angekuwa na uamuzi wake mkononi: mazoezi, baraza, mahakama, au kunisamehe. Yote manne nilimnyima. Kumbukeni pia kwamba wengi wanaokuja na hasira wanataka kwanza kuambiwa nini kilitokea. Ukimjibu "mapenzi ya Mungu" wakati wewe unajua ni ampuli, umemsingizia Mungu, na mimi hilo linaniogopesha kuliko baraza.

Mwambieni mapema, mkae naye chini, in-chaji awepo. Semeni kilichotokea, kinachofanyika sasa, na nani atamjibu kesho. Msisimame mlangoni.

6. Nywila ya mfumo wa kompyuta ni yako peke yako. Juzi watu watatu wa wodi moja walikuwa wanaingiza dawa kwa jina la mmoja, naye yuko likizo Lushoto. Likitokea jambo, ataitwa yeye.

Kuna niliyoyasahau, mtaniuliza. Nina naiti Jumamosi na Jumapili. Fomu za njano nimeziweka droo ya pili ya meza ya wauguzi, chini ya boksi la glavu, nakala 20, na kalamu mbili nyeusi zimefungwa kwa uzi. Mdogo wangu wa Alhamisi, uliitwa ukajibu vizuri, nimesikia. Wiki ijayo mtakuwa wawili usiku.