Valvu mpya kila mwezi, ugonjwa ni ule ule

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi Morogoro, akaniachia amplifaya yake, Vox AC30 ya miaka ya 1960. Ilikaa stoo zaidi ya miaka ishirini. Nilipoiwasha iliunguruma hata kabla sijachomeka gitaa. Fundi akabadilisha valvu zote nne za EL84, zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Baada ya nusu saa, valvu moja ikawa nyekundu, fyuzi ikakatika. Akaweka fyuzi nene na seti nyingine ya valvu, yakawa yale yale. Je, ninunue valvu za kampuni gani zinazodumu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hela zilizokwisha kuungua. Usinunue valvu za kampuni yoyote. Na hiyo fyuzi nene itoe kabla hujamaliza kusoma.

Amplifaya za namna hii naletewa mara kwa mara, na maneno ni hayo hayo: "valvu tumeshabadilisha." Valvu inawaka, inaonekana, inachomoka kwa mkono, basi lawama zote zake. Wakati huo mgonjwa ni kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji, isiyozidi bei ya chupa mbili za soda.

Kabla ya umeme wa sauti kufika kwenye EL84, unapita kwenye kapasita ndogo ambayo kazi yake nyingine ni kuzuia umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Kwenye AC30 ziko mbili, kila moja inahudumia valvu mbili. Ikizeeka inavuja. Volti chache za chanya zikifika kwenye gridi, yaani koki ya valvu, valvu inakuwa kama bomba lisilo na koki, na anodi, bamba linalopokea umeme ndani yake, iliyotengenezwa kuhimili wati 12 inageuka kaa la moto. Weka ya Urusi, weka ya Slovakia, weka hata Mullard ya zamani iliyokuwa bado kwenye boksi lake: itaungua tu. Fundi mwenye mita hahitaji kubahatisha. Anachomoa EL84 zote nne, anawasha kwa muda mfupi, anapima pini ya 2 ya kila soketi, ile ya gridi, dhidi ya chasisi, fremu ya chuma ya amplifaya. Panatakiwa sifuri. Akikuta volti mbili tatu chanya, mwizi kapatikana.

Mngurumo ni kapasita zile kubwa za kusafisha umeme, zimekauka ndani. Umeme wa ukutani ni wa hezi 50, ukishageuzwa kuwa DC unaacha mngurumo wa 100, na kapasita kavu haziwezi kuumeza. Zibadilishwe zote. Kuna mafundi wanaolehemu mpya juu ya mbovu, wanaiacha maiti humo humo ndani. Huo si ufundi.

Fyuzi nene ndiyo inayonikasirisha kuliko yote. Fyuzi ilikatika kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Ukiinenepesha, kinachofuata kukatika ni transfoma, na transfoma ya mashine hiyo huendi kuiokota Kariakoo. Amplifaya iliyolala miaka ishirini huwashwa kwanza ikiwa imeungwa na balbu ya wati 100 kwa mfululizo, ile ya waya, si ya LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti, zima. Na spika isichomolewe kamwe wakati valvu ziko kazini, transfoma ya kutolea sauti itakufa.

Wewe mwenyewe usifungue. Humo ndani mna zaidi ya volti 300, na hubaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa mezani. Hutolewa polepole kwa rezista yenye waya na klipu. Ukimwona mtu anapiga kapasita shoti kwa bisibisi ili "kumaliza chaji", beba amplifaya yako uondoke.

Zile EL84 za kwanza, alizoacha baba, fundi wako alizitupa? Kama bado anazo, mwambie akurudishie. Huenda ni nzima.