Santuri iliyokaa ndani ya jalada la kwaya

Umeuliza kama nyimbo za kejeli zilizopigwa marufuku enzi za Mobutu zilikuwa kali kweli, maana ukizisikiliza leo husikii tusi wala jina la mtu. Mimi nitakujibu kwa santuri moja ya kwetu Kamalondo, Lubumbashi.

Marehemu baba alikuwa na "Luvumbu Ndoki" ya Franco, mwanamuziki wa Kongo, na bendi yake O.K. Jazz, santuri ndogo ya 45. Aliiweka ndani ya jalada la kwaya ya kanisa, na lebo ya katikati aliikwangua kwa wembe mpaka maandishi yakaisha. Siku akiipiga, dada yetu mkubwa alitumwa kusimama mlangoni.

Sasa sikiliza. Wimbo ule ni wa Kikongo. Baba hakujua Kikongo hata cha kuombea maji! Lingala yenyewe alikuwa nayo ya baa tu. Ila Juni 2, 1966, Mobutu aliwanyongesha wanasiasa wanne hadharani mjini Kinshasa, na mmoja wao alikuwa Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga, jimbo letu hili, lilipojitenga na Kongo. Huku kwetu huyo alikuwa mtu wa nyumbani. Baadaye ukatoka wimbo wa Luvumbu, mchawi anayewamaliza watu wake mwenyewe, kisha ukaondolewa madukani. Hapo ndipo hata asiyejua neno la Kikongo akaelewa kuwa mchawi ni Mobutu. Baba alikuwa anasema hivi: "Kama banakataza, njo kusema kuko jina ya mutu ndani." Wangeuacha, huenda huku Katanga tungeucheza tu kama wimbo wa kijijini, basi.

Usichanganye na kisa cha 1978. Franco alifungwa mwaka huo kwa ajili ya "Hélène" na "Jackie", na zile zilikuwa chafu waziwazi, zikiuzwa kwenye kaseti. Hizo sizitetei, ingawa nakumbuka wazee wenye heshima zao wakizitafuta kwa bidii kuliko vijana.

Kejeli yenyewe alikuja nayo kwenye "Tailleur". Fundi cherehani anajitapa, kumbe sindano si yake. Mwenye sindano kaichukua, sasa atashona na nini? Watu wakasema huyo fundi ni Kengo wa Dondo, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu Franco alipofungwa. Kwenye baa moja ya mtaa wetu ilitosha mtu kuinua vidole viwili kama anayetunga uzi, meza nzima ikaangua kicheko. Ungemshtaki kwa lipi? Kwa vidole?

Na "Mario" ya 1985, kijana msomi anayelishwa na mwanamke mwenye pesa, imetuachia neno. Hata Dar es Salaam wanasema marioo, na wengi hawajui lilitoka wapi. Mama yangu aliucheka wimbo ule mpaka machozi. Binti yangu hacheki. Anauliza kwa nini mwanamke anayelea mwanamume ni kichekesho, na mwanamume anayelea wasichana watatu anaitwa bosi. Sikuwa na jibu la haraka.

Siku hizi kuzuia ni kazi bure. Novemba 2021 tume ya udhibiti ya Kongo ilipiga marufuku "Nini Tosali Te" ya kundi la muziki la MPR, lakini kesho yake tu ikarudi nyuma. Mpwa wangu alikuwa nao kwenye simu tangu mwanzo. Alinionyesha akicheka, nikamweleza habari ya dada kusimama mlangoni. Akaniangalia kama namdanganya. Akaitafuta "Luvumbu" mtandaoni, akaipata ndani ya dakika moja, akatikisa kichwa kidogo. "Gitaa iko muzuri, tonton. Inasema nini?"

Santuri ninayo bado. Mwaka juzi alipita mnunuzi wa santuri za zamani, akaigeuza mara mbili kwenye mwanga, akaniambia bila lebo haina bei.