Jeti kubwa za rimoti: ni injini kweli au feni?
Mkuu, kinachosukuma hizo ndege kubwa za mfano za rimoti sio feni ya betri, ni injini ya jeti yenyewe, ina kompresa (inayogandamiza hewa) na tabaini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto) ndani na inachoma mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kama asilimia 5 hivi, maana beringi zake zinalainishwa na hayohayo mafuta. Mfano JetCat P200 ya Ujerumani inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na msukumo wake ni kilo 20 na ushee, angalia spesifikesheni zao wenyewe. Feni za umeme zipo ila nyingi utazikuta kwenye vijeti vidogo vya povu. Halafu angalieni sana hili, tabaini inachelewa kupandisha nguvu, kwahiyo wakati wa kutua usishushe nguvu ya injini mapema mpaka mwisho.